Haishuki Chini ya Elfu

Yakhe, hebu kalia hiyo kreti ya soda nikupe habari. Lakini iishie hapa hapa. Mtaani Mikindani imeenea kwamba mimi nafuga majini. Wallahi. Imeanzia kwa jirani tunayeshiriki ukuta, ambaye masikio yake hayalipi rent lakini yanalala kwangu. Alinisikia saa sita usiku nasema, "Mtoe wa moto, mwingize wa maji, huyo mwenye nusu roho muache afe." Asubuhi akanisalimia kwa mbali, mkono kifuani. Kufika magharibi, mama mwenye nyumba naye keshapata. Unadhani aliogopa? Hata! Alisema, "Mfuga majini gani anadaiwa miezi miwili? Hayo majini yake yana njaa kumshinda yeye."

Hapo ndipo niliumia.

Si majini, yakhe. Ni Pokémon. Aliyeniponza ni mtoto wa dadangu, aliyekuja likizo ya Agosti. Alinikuta kwenye baraza nimeinamia bao, akasema, "Mjomba, wewe mtu wa bao, hii gemu utaiweza." Sasa nikwambie siri nyingine. Bao lenyewe siliwezi. Kete zote 64, na mimi naishiwa tungali kwenye namua, kabla mzee ninayecheza naye hajamaliza kikombe cha kahawa tungu. Lakini mtoto akikusifu utamkatalia? Nikakohoa kidogo, nikasema, "Lete."

Inaitwa Showdown. Ni bure, inaingia kwenye brauza ya simu, huna haja ya kununua mashine ya Nintendo. Unaunda timu ya madude sita. Kila dude unalipa mapigo manne. Unakutanishwa na mtu humjui hakujui, mnapigana zamu kwa zamu mpaka timu moja iishe. Rahisi, sivyo? Sasa chagua hao sita. Mwaka 1996 Wajapani walipotoa gemu ya kwanza, madude yalikuwa 151. Wakati huo pengine ningejitahidi. Siku hizi yamepita 1000. Mimi watoto wa kaka yangu ni saba na huita majina matatu kabla sijafika kwa ninayemtaka.

Nikachagua kama tunavyochagua timu ya mtaa: yule ninayemjua sura kwanza. Charizard! Ana mabawa, anatema moto, mkia unawaka. Nikamwambia mpwa, huyu joka atawamaliza. Akasema, "Mjomba, huyo si joka." Vipi si joka? Ana mabawa! Ati kwa hesabu za gemu yeye ni moto na kuruka. Basi mimi na macho yangu tukanyamaza.

Halafu kuna pointi za mazoezi. Kila dude lina 510 za kugawiwa sehemu sita: uhai, nguvu, ulinzi, mbio na nduguze. Sehemu moja haipokei zaidi ya 252. Mimi mtu wa haki, yakhe. Nimelelewa sinia moja na watoto tisa. Nikapiga hesabu: 510 kwa sita ni 85. Imegawanyika bila hata baki! Nikafurahi kama niliyegawa mirathi na hakuna aliyenuna. Mpwa alipoona akashika kichwa. "Mjomba, hii si harambee. Unajaza sehemu mbili, zingine zife njaa." Kisha kuna tabia, ziko 25. Nikampa Charizard ile ya Jolly, kwa sababu na mimi mcheshi. Kumbe Jolly inaongeza mbio asilimia kumi, halafu inapunguza asilimia kumi pale pale moto wake unapotokea. Nimechukua mtema moto nikamchekesha mpaka moto ukapoa.

Nikaingia vitani hivyo hivyo. Mpinzani akaanza na Garchomp. Huyo sasa ndiye joka, joka la ardhi, ana uso wa papa. Hakunipiga. Alimwaga mawe tu upande wangu, yakaelea. Nikacheka. Ati ameogopa! Nikamleta Charizard. Hajatua, mawe yakamla nusu ya uhai. Nusu! Hajasema hata hodi. Ati mawe kwa anayeruka ni mara mbili, kwa wa moto ni mara mbili, kwa hiyo yeye anakula mara nne. Nikamtoa haraka nimfiche. Baadaye nikamrudisha. Akafa mlangoni.

Ngoja, haijaisha. Mpwa akachukua kalamu, akanipigia hesabu nyuma ya risiti. Zile 85 nilizompa Charizard kwenye uhai zilimfikisha 318. Nusu yake 159, nusu ya pili 159, maiti. Ningemnyima kabisa, angekuwa na 297. Hiyo ni witiri, haigawiki sawa. Mawe yangemla 148 mara mbili, akabaki na uhai mmoja. Mmoja tu, lakini yu hai, anatema moto. Yaani ukarimu wangu ndio uliomuua. Nilikaa kimya mpaka adhana ya isha.

Mpwa akanihurumia, akanipa hadithi. Mwaka 2014, fainali za dunia ziko Washington, D.C. Mkorea mmoja, Se Jun Park, akaja na kindi. Kindi, yakhe! Watu wamebeba majoka, yeye amebeba Pachirisu, kadude ka sentimita 40, kana stima mashavuni. Kindi huyo ana pigo linaloitwa Follow Me. Akilitumia, ngumi inayomlenga mwenzake inamfuata yeye, mwenzake anapiga kwa raha zake. Na akirushiwa stima, ile ambayo ingemmaliza Gyarados aliye ubavuni mwake, kindi anainywa kama chai. Akachukua ubingwa wa dunia.

Nusura nilie. Kazini kwetu, yadi ya kontena, mimi ndiye kindi. Kontena ikipotea, maneno yote yananifuata mimi, wenzangu wanaendelea na chai.

Basi usiku ule sikungoja mtu. Nikamweka Pachirisu mbele. Nikabonyeza Follow Me kwa bismillahi. Gemu ikaandika kwamba imefeli. Nikabonyeza tena. Imefeli. Garchomp akatetemesha ardhi mara moja, kindi akaenda na maji. Mpwa aliamka kwa kelele zangu. "Mjomba, Mkorea alikuwa anacheza wawili kwa wawili. Hii yako ni mmoja kwa mmoja. Ulikuwa unamwambia nani akufuate?"

Sasa kuna kitu kimoja kizuri kwenye hii gemu. Alama. Unaanza na 1000, ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka. Lakini hazishuki chini ya 1000. Hata ufungwe mwezi mzima. Waungwana sana waliotunga hilo. Mimi naishi hapo, yakhe. Nimeweka mkeka.

Mpwa alipokaribia kurudi shule aliniambia tatizo langu ni jedwali. Kuna aina 18 za madude, na lazima ujue ipi inaiumiza ipi. 18 mara 18, vyumba 324. Nikaenda saiba, nikalitoa kwa rangi, kurasa nne, kila ukurasa mbao. Nikaweka juu ya meza. Hapo ndipo kosa, maana meza ile jioni si yangu. Mama watoto anauza viazi karai mlangoni.

Alhamisi ilikuwa siku yangu. Nakwambia ilikuwa yangu! Mpinzani amebaki na mmoja, Garchomp, yule yule, wamezaliwa wengi. Mimi nimebaki na Lapras, ana pigo la maji na pigo la barafu. Nipige lipi? Nikanyoosha mkono kwenye meza. Hakuna karatasi. "Mama watoto, jedwali liko wapi?" "Lipi? Zile karatasi za marangirangi? Nimefungia viazi." Nani amechukua ya barafu? Akanitazama vile anavyonitazama. "Wa mwisho ni yule soja wa geti, ameelekea stendi."

Nikatoka na kikoi na ndara mguu mmoja. Sekunde zinakwenda kwenye simu. Nikamkamata soja mguu mmoja uko ndani ya matatu ya Changamwe, kondakta anapiga bodi. Nikamsihi. Viazi akabaki navyo mkononi, karatasi akanipa, imelowa mafuta na ukwaju. Nikaiinua kwenye taa ya barabarani, naisoma kwa sauti, nikifuata kwa kidole: "Barafu kwa joka, mara mbili. Barafu kwa ardhi, mara mbili." Mara nne! Nikaruka! Nikabonyeza barafu. Saa ilikuwa imeisha kitambo. Nimeshindwa. 1000.

Nageuka, jirani wa ukuta amesimama kwenye kibanda cha mpesa, mdomo wazi. Ameniona usiku, nusu uchi, nimeinua karatasi yenye madoa mwangani, naita barafu na joka na ardhi.

Jana saa tano usiku akabisha hodi. Taratibu. Akaangalia kulia, kushoto. Ati ana mkeka wa mechi za Jumamosi, ana mtoto anatafuta kazi bandarini, na mguu wake wa kushoto hauko sawa. Je, hawa wangu wanaweza kumsaidia?

Nikamwambia, jirani, mimi hata mwenyewe hawajanisaidia. Nimekwama kwenye elfu moja.

Akatikisa kichwa, anafikiri. "Elfu moja."

"Ndiyo. Na haishuki chini ya hapo, hata ufanye nini."

"Hata kwa jirani?"

Mkononi alikuwa ameikunja noti ya mia tano.

Nadaiwa miezi miwili, yakhe.