Umeme Upo, Soketi Ndiyo Haina Habari

Mama mmoja wa Kiingereza aliniuliza juzi, kwa upole mkubwa, kama aniitie daktari. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya treni itokayo London kwenda Edinburgh, shavu kwenye zulia, mkono wote umezama chini ya kiti chake nikipapasa soketi. Simu ilikuwa na asilimia 4, na tiketi ilikuwa ndani ya simu.

Soketi ya kiti changu ilikuwa imekufa. Hii ya mama ilikuwa hai, ila imechoka. Plagi ya Kiingereza mnaijua, ile ya meno matatu tuliyorithi Nairobi na Dar. Jino la juu limefanywa refu makusudi: hutangulia kuingia, likasukuma vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme. Ndiyo maana kwetu mwenye chaja ya meno mawili huchomeka kalamu tundu la juu na mambo yakaenda. Aliyeibuni aliifikiria kila hatari isipokuwa magoti ya abiria. Yakiisukuma plagi mwaka mzima, vibamba vya ndani vinalegea. Treni ikitikisika kidogo, chaja iko sakafuni. Basi nikakaa chini nikaibana kwa kisigino. Nikibana, inachaji. Mwenye toroli la chai akitaka kupita, nasogea, inaacha. Watoto wa kiti cha nyuma waliacha katuni wakanitazama mimi.

Kisha ikaacha kuchaji hata kisigino kikiwa mahali pake. Hapo ndipo penye utamu. Juu ya treni hiyo kuna waya wa volti 25,000, na transfoma ya treni hushusha umeme huo hadi 230 za soketi. Lakini waya haulishwi na chanzo kimoja njia nzima. Gridi ya taifa ina fezi tatu, na vituo vya kulisha reli huchota fezi tofauti. Zikiachwa zikutane, ni moto. Kwa hiyo baina ya sehemu mbili huwekwa kipande cha waya kisicho na umeme kabisa. Treni ikikikaribia, sumaku zilizofungwa njiani huizimisha swichi yake kuu, nayo inateleza kwa kasi iliyobaki nayo. Ikishavuka, sumaku nyingine zinairudisha. Taa haziyumbi kwa sababu zina betri. Soketi yangu haikuwa na betri. Nilimweleza mama yote haya nikiwa pale pale chini, kwa furaha ya kweli, mpaka akavaa spika za masikioni.

Simu ikazima. Mkagua tiketi akatokea.

“Kuichaji simu ni jukumu lako, bwana,” akasema, na masharti ya tiketi yanasema hivyo hivyo: ukishindwa kuionyesha, umesafiri bila tiketi. Nikalipa nauli mara ya pili, kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo ni ya kuumiza. Hapo kicheko kiliniishia. Tiketi ya karatasi haijawahi kuishiwa chaji. Abiria wamebembelezwa wahamie kwenye simu, na soketi ikageuzwa hisani: ikiwaka ushukuru, isipowaka usilalamike. Abiria anakaguliwa, soketi haikaguliwi. Na anayelipia mchezo huu si mwenye simu mpya. Ni yule anayetembea na simu kuukuu ambayo betri yake haifiki adhuhuri.

Safari nyingine mtu alichomeka kikausha nywele chini ya kibandiko cha “laptopu na simu tu”, safu nzima ya soketi ikazima.

Nyingine, soketi nzima pekee ilikuwa karibu na choo.

Vibandiko visomwe kwa makini, maana Julai 2015 huko huko London mwanamume mmoja alikamatwa kwa kuchaji simu kwenye soketi ya treni iliyotengwa kwa wasafishaji. Kosa aliloshukiwa, kujichukulia umeme bila idhini, limo katika sheria ya wizi ya mwaka 1968. Baadaye polisi waliliacha kosa hilo. Mimi ningependa sana kushtakiwa kwa hilo. Angalau ingethibitika kwamba umeme niliupata.

Tiketi hizo za simu nyingi huja kwa barua pepe na huruhusiwa kuchapishwa. Ukisafiri huko, ichapishe.