Alama ya Kujumlisha

Kitisuru hakuna kinachomchelewesha mtu kujifunza Biblia kama kusakinisha programu ya kujifunza Biblia. Intaneti ya huko haihitaji kubembelezwa, na balaa huanzia hapo, maana e-Sword kwenye kompyuta ya Windows haidai hata senti. Mtu amekusudia kuchunguza neno moja tu kabla ushirika wa nyumbani haujaingia getini. Badala yake anapakua fafanuzi, ramani na Biblia za lugha ambazo hajui hata kusalimia. Chai ikiiva, bado anahamisha madirisha ya programu, Kiebrania huku, Kigiriki kule, utadhani anapanga viti vya harusi. Nasema hivi: uchunguzi wa neno unahitaji faili mbili, na mikasa mingi hutokana na kupakua zote isipokuwa hizo.

Ya kwanza ni Biblia yenye nambari. Mwaka 1890 Mmarekani James Strong alichapisha itifaki ya Biblia ya King James, orodha inayoonyesha kila neno linapatikana wapi, na kila neno la asili akalipa nambari: Kiebrania hadi 8674, Kigiriki hadi 5624. Kwenye e-Sword Biblia hiyo huitwa KJV+. Ile iitwayo KJV peke yake haina nambari hata moja, na aliyeichukua kwa haraka atabofya mpaka kidole kife ganzi, kisha ailaumu laptopu. Faili ya pili ni kamusi ya Strong, inayoeleza nambari hizo. Wapo watakaouliza kwa nini wapitie Kiingereza ilhali wanasali kwa Kiswahili. Jibu ni la kalenda: Strong alifariki 1894, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ikatoka 1952. Hatuwezi kumdai marehemu. Fungua Union Version pembeni, utafute sura na aya ileile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kisanduku cha kutafutia kinatosha, nambari za nini? Basi tafuta upendo katika King James kwa neno lake la kawaida la Kiingereza, uone kama utafika 1 Wakorintho 13. Hutafika, kwa kuwa wafasiri walibadilisha neno katika sura hiyo, ingawa Kigiriki ni kilekile. Tafuta G26, nambari ya neno hilo la Kigiriki, sura inajitokeza pamoja na ndugu zake wote. Faida ya nambari ni hiyo, kukusanya aya. Anayeishia kwenye kamusi huona maana tano zimepangwa, akachukua ile inayokubaliana na somo alilokwisha kuliandika. (Huyo hakuhitaji programu, kalamu ilimtosha.)

Wazee wa kikundi watasema fafanuzi huongeza kina. Sikatai, ila fafanuzi nyingi za bure ni za bure kwa sababu haki zake za kunakili zilikwisha zamani, na kuzipakua kumi hakumfanyi mtu azisome. Kwa hiyo, msomaji, hakikisha alama ya kujumlisha ipo, weka kamusi, fungua aya. Mfafanuzi Matthew Henry alifariki mwaka 1714. Ufafanuzi wake unaweza kungoja hadi wiki ijayo.