Mwaminifu, Mchapakazi, na Kadhalika

Mhasibu anayetafuta kazi Dar es Salaam huandika wasifu wa kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ni wa picha ya pasipoti na tai nyekundu, dini, hali ya ndoa, na tamko kwamba yeye ni mwaminifu. Kwani mwizi gani amewahi kujitaja? Halafu anapenda kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Labda mkurugenzi wa fedha anatafuta wa kwenda naye uwanjani.

CPA(T) ya bodi ya wahasibu, NBAA, aliyoisotea kwa machozi, imejificha ukurasa wa nne, chini ya cheti cha darasa la saba. Kwamba aliwahi kusuluhisha hesabu za benki zilizolala miezi, au kwamba ritani za VAT zilifika mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya tarehe 20, hasemi. Ameandika tu: "kazi za uhasibu na nyingine nilizopangiwa."

Na uzoefu? Miaka sita, kuanzia 2019 hadi 2022. Afisa rasilimali watu, aliyetangaza nafasi ya mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitano, ameona hesabu iko sawa.