Weupe Usiosalimiana

Sogeza benchi, halafu litazame Harrier langu, mlango wa nyuma kushoto. Usilisogelee, tazama ukiwa hapohapo. Umeona? Gari jeupe, mlango mweupe, ila weupe wenyewe hausalimiani. Mh!

Bodaboda ndiye aliyeanza. Foleni ya Magomeni, kapenya, usukani wake ukanichora mstari usiozidi kiganja. "Samahani mzee," huyo kapotea. Hapo bado nilikuwa salama. Msiba nimeutafuta mwenyewe nilipompelekea fundi. Fundi gani? Fundi gari! Si ndivyo tulivyo? Aliyekufungia breki juzi, leo unamwomba akunyooshee bodi na akupigie rangi. Naye hakatai, nani anakataa hela? Kapiga msasa mlango mzima, kapaka puti hata pasipobonyea, kisha kamtuma kijana dukani alete "rangi nyeupe".

Rangi nyeupe! Kama anatuma chokaa! Toyota ina nyeupe ya 040, hiyo nyeupe tupu. Inayo pia 070, ndiyo yangu, nyeupe ya lulu: chini inapigwa nyeupe, juu yake lulu, halafu kliya. Ukizidisha koti moja la lulu, mlango umekuwa wa gari jingine. Na hiyo namba haihitaji mganga, imeandikwa kwenye kibati cha kiwandani, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Yule bwana boneti hakuligusa.

Nimekuja kupelekwa kwa mzee mmoja, kazi yake rangi tu, breki hajui wala hataki kujua. Cha kwanza, hakushika msasa. Kapitisha ukucha kwenye mkwaruzo mwingine ulioko kwenye bampa. Ukucha ukateleza. "Huu uko kwenye kliya," kasema. Msasa wa maji namba 2000, polishi, dakika chache, haupo! Ukucha ungekwama ndipo tungeongea habari za rangi. Sasa fikiria, mlango wangu ulipimwa na ukucha wa nani?

Halafu kanionyesha vipande vya bati alivyovipuliza rangi. Anachanganya, anapuliza kwenye bati, anaacha ikauke, anakwenda kuliweka kando ya gari juani. Rangi mbichi inadanganya, jamani. Nikamwambia basi tuanze leo, maana wingu lilikuwa limetanda na mimi nina haraka zangu. Kagoma. Kwenye unyevu kliya inaweza kupauka ikawa kama tui. Mteja ana hela mkononi, fundi anamwambia arudi jua likiwaka! Nilisonya, nikiri, lakini moyoni nikasema huyu ndiye.

Eti mnaniuliza kwa nini bampa la jirani linabanduka rangi kama ngozi ya nyoka. Bampa ni plastiki, linataka praima yake, si ile ya bati. Mwulizeni fundi wenu kabla hajawasha kompresa. Akianza kucheka, ondokeni.

Jumamosi jua likitoka narudi kwa yule mzee. Bei kanitajia: kubandua puti ya yule wa kwanza ni ghali kuliko ambavyo mkwaruzo wenyewe ungegharimu. Kwa hiyo kahawa ya leo, na kashata zake, nilipieni.