Barua ya wazi kwa Bodi ya Utalii ya Uganda: Mtoto wa Kawempe naye aandikwe mtalii

Waheshimiwa wakurugenzi,

Hongereni kwa kulinadi jua letu. Mwishoni mwa Desemba, Stockholm hupata mwanga wa mchana kwa takriban saa sita, London takriban nane. Kampala, iliyo jirani na ikweta, hupata kumi na mbili mwaka mzima. Mzazi wa kule anayetaka kuwaotesha watoto wake jua ana kila sababu ya kupanda ndege. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa Bwaise au Kalerwe, katika divisheni yetu ya Kawempe, yuko likizo tangu alipozaliwa, tena bila tiketi, na ilipasa awe mtoto mwenye raha kuliko wote duniani. Kwa kuwa sivyo, basi kuna bidhaa nyingine mnayouza pamoja na jua, ila hamuitaji kwenye mabango.

Bidhaa hiyo imo katika maswali ya mzazi mgeni kabla hajalipa. Maji ya bombani yananyweka? Vitanda vina vyandarua? Bwawa lina kina gani, na nani analilinda? Hospitali iko wapi? Wala hadeki: Shirika la Afya Duniani huwashauri wazazi wasiwapeleke watoto wadogo kwenye maeneo ya malaria kali bila sababu ya lazima. Ushauri wa busara. Mtoto wa Kawempe hakupata mtu wa kumshauri mapema hivyo.

Bwawa analo. Bwaise imekaa juu ya kinamasi, na mvua ikipiga, maji hushuka kutoka vilimani, mfereji wa Lubigi ukafurika, nayo yakaingia kama mgeni hadi chumbani yakiwa yamepitia vyoo vya shimo. Hakuna hoteli ya Entebbe inayomfuata mteja kitandani namna hiyo. Kwa swali la hospitali, tuwe wakweli, tunashinda: Mulago na hospitali ya rufaa ya Kawempe zote zimo katika divisheni hii. Hiyo ni nyota moja tayari.

Nasema nyota kwa sababu kukagua hoteli na kuziainisha ni kazi yenu. Ombi langu ni dogo: likizo ndefu ya Desemba ikianza, mwandikeni kila mtoto wa Kawempe kuwa mtalii, kisha mje muikague Bwaise kwa fomu ileile. Kama maji safi, chandarua na mahali salama pa kuchezea ni lazima kwa mtoto atakayekaa wiki moja, sioni hoja ya kumnyima atakayekaa miaka sitini.

Mtasema mitaro ni shauri la Mamlaka ya Jiji. Sawa, hata barabara na uwanja wa ndege si vyenu, lakini mgeni akilalamika mnajua mlango wa kubisha. Mtasema mtalii huleta dola. Mama wa Kalerwe naye analipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye kila mche wa sabuni, na haombi risiti ya safari. Mtasema pia kwamba wananchi wanapunguziwa viingilio: tangu Julai 2024 kibali cha kuwaona gorila ni dola 800 kwa mgeni wa nje, na shilingi 300,000 kwa Mwafrika Mashariki. Mfano huo afadhali muuache, maana aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwaona gorila hata akiwa na fedha mkononi, na kwa familia nyingi za huku laki tatu ni kodi ya nyumba.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi, na nina imani kitafika ofisini kwenu kabla ya mkaguzi kufika kwetu. Huyo mkaguzi tunaomba aje Aprili, siku ya mvua, na gambuti zake mwenyewe. Za kukodisha hatuna.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Kawempe