Atakua Nayo

Bado nauguza fedheha iliyonipata Ijumaa alasiri katika matuta ya mchanga ya Bausher, hapa Maskati, pale ambapo, mbele ya jamaa waliokuwa wametandika mabusati yao na kuwasha mikaa, niliupinda usukani wa pikipiki ya miguu minne upande wa kulia, nayo pikipiki, kwa utulivu wa kiumbe aliyekwisha kukata shauri, ikaendelea kwenda mbele. Nikaupinda zaidi, ikazidi kunyooka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameelekea Nizwa, na mimi nilikuwa naelekea kwenye kahawa ya watu. Tulipita baina ya watoto na mpira wao, tukaliangusha birika, tukasimama katikati ya busati, gurudumu moja limeikalia sinia ya halwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi hapo, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Unguja tupu, alinitazama kwa makini, akatazama nilichokipanda, akasema: "Karibu kahawa, mwanangu, lakini hicho chombo ungekivua mlangoni pamoja na viatu."

Mpwa wangu, kijana wa miaka 14 ambaye ndiye aliyekuwa akitafutiwa pikipiki, na ambaye kwa ajili ya usalama wake nilitangulia mimi kuijaribu, alifika mbio, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa adabu iliyonizidishia tahayuri, kisha akaniinamia sikioni: "Mjomba, kwani hukuuhamisha mwili?"

Swali hilo lilininyima usingizi, na nilipolichungua niliona kuwa lina elimu adhimu ndani yake. Gari lipindapo kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo sharti likimbie zaidi. Na kwa ajili hiyo magari yana difu, hikima ambayo mtengeneza saa wa Kifaransa, Onésiphore Pecqueur, aliiandikisha kuwa ni yake katika karne ya 19, kwa ajili ya gari la mvuke, nayo huyaachia magurudumu ya ekseli moja yaende kila moja kwa mwendo wake. Pikipiki za mbio za miguu minne hazina difu. Magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa katika chuma kimoja kizima, hata moja haliwezi kuzunguka ila na mwenzake lizunguke sawasawa nalo. Wala jambo hili halikufanywa kwa ubahili, maana difu ya kawaida, gurudumu moja likikosa mshiko mchangani, huliacha hilo hilo lizunguke bure na lenye mshiko likasimama, ilhali chuma kizima huyasukuma yote mawili mpaka chombo kikafika kileleni mwa tuta.

Walakini chombo kilichoumbwa kwa kupanda hakikuumbwa kwa kupinda. Maadamu magurudumu yale ya nyuma yamebanwa na mchanga kwa nguvu moja, yatashika njia iliyonyooka hata usukani ukielekezwa kwingine kabisa, na hakuna dawa ila gurudumu la ndani lipunguziwe uzito mpaka liteleze. Mwenye kulipunguzia uzito ni mpandaji, kwa mwili wake mwenyewe: huinamisha kiwiliwili kuelekea ndani ya kona, na papo hapo hukanyaga kwa nguvu pedali ya upande wa nje. Ndiyo sababu ya urefu wa kile kiti. Watu hudhani ni nafasi ya kumpakia mtu wa pili, hali ya kuwa aghalabu pikipiki hizi ni za mtu mmoja, na kiti chote ni uwanja wa kusogezea makalio. Tairi nazo zina hadithi yake: hutiwa upepo wa ratili chache tu kwa inchi ya mraba, na tairi ya gari ndogo hutiwa takriban 30, ili zitandazike juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Honda walipoanza kuuza pikipiki yao ya miguu mitatu mwaka 1970, haikuwa na springi hata moja; tairi ndizo zilizokuwa springi. Miguu mitatu ilipinduka sana, hata mwaka 1988 watengenezaji wakaafikiana na serikali ya Marekani kuacha kuiuza huko, na Suzuki walikuwa wamekwisha kuongeza mguu wa nne tangu 1982. Lakini pikipiki za mbio hazikuongezewa difu.

Sasa nakuja kwa muuzaji, ambaye alitupeleka moja kwa moja kwenye chombo chenye injini ya cc 700 na uzito wa karibu kilo 190, akampandisha kijana, akaona vidole vya miguu vinatafuta pedali, akanigeukia na kutamka kwa upole: "Atakua nayo." Hivyo ndivyo tununuavyo kanzu ya Idd, nami nakiri kuwa ni iktisadi njema, lakini kanzu ikiwa ndefu hupindwa, na injini haipindwi. Kijana wa kilo 45 aliye juu ya kilo 190 zisizotaka kona, hata auhamishe mwili wote, ni mzigo tu. Watengenezaji wanalijua hilo, na kwa soko la Marekani hubandika juu ya chombo umri wa mpandaji, 6, 10, 12, 14 au 16, na kutaka mwenye umri chini ya 16 aangaliwe na mtu mzima. Kwenye chombo tulichoonyeshwa, juu ya kibandiko hicho palikuwa pamebandikwa bei.

Hapo ucheshi wangu hukatika. Mzazi hudanganyika kwa mapenzi, na kijana kwa ujana, lakini aliyeibandika bei juu ya umri hakudanganyika, kwani ili kuifunika namba ile ilimpasa kwanza aione.

 

Mwishowe tumemchukulia kijana pikipiki ya cc 200, yenye kibandiko cha 14 kilicho wazi. Nawe msomaji, ukienda kununua, mchukue mtoto mwenyewe, mpandishe, mwambie asimame juu ya pedali: baina ya suruali na kiti paonekane inchi 3 hadi 6, vidole vyake vizungushe breki bila ya kunyooshwa, na kidole gumba kiifikie swichi ya mafuta, ile iongezayo mwendo. Karibu na swichi hiyo, katika pikipiki nyingi za vijana, pana skrubu ndogo inayokizuia kidole kisibonyeze mpaka mwisho. Ilegeze kidogo kidogo kadiri akili inavyopevuka, na bisibisi aiweke mama yake. Mpime mtoto aliyepo, si atakayekuwepo. Na muuzaji akikwambia "atakua nayo," muage kwa heshima, uondoke na pesa zako.