Nani Alimng'oa Nixon?

(Ghala la vitu vikuukuu, Washington.)

CHUNGU CHA MAUA: Rais Nixon wa Marekani nilimng'oa mimi! Bob Woodward wa Washington Post akitaka kuonana na yule mtu wake, ananisogeza nyuma ya roshani pamoja na kibendera changu chekundu. Usiku wa manane wanakutana Rosslyn, kwenye maegesho ya chini ya ardhi.

SELOTEPU: Kumbe kazi yako ilikuwa kusogezwa.

CHUNGU: Na kutunza siri, bwana! Yule alikuwa Mark Felt, namba mbili wa FBI. Hadi 2005 sikumtaja.

SELOTEPU: Nani alikuuliza? Felt alijitaja mwenyewe. Haya, ile hundi ya dola 25,000 nayo uliisogeza wewe?

CHUNGU: Hundi gani tena?

SELOTEPU: Pesa za kampeni ya Nixon, zilizoingia kwenye akaunti ya mmoja wa wezi walionaswa Watergate. Carl Bernstein, mwenzake Woodward gazetini, aliifuata hundi hadi Miami, Woodward akampigia simu mwenye jina lililoandikwa juu yake. Wakapata orodha ya wafanyakazi wa kamati ya kampeni, jioni wakawa wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengi waliwafungia milango. Maktaba ya Bunge walipekua maelfu ya vikaratasi vya kuazimia vitabu, wakatoka mikono mitupu.

CHUNGU: Mbona inachosha hivyo?

SELOTEPU: Ndiyo uandishi wa uchunguzi huo. Roshani ni mapambo.

CHUNGU: Hapo wananchi wakamkataa Nixon.

SELOTEPU: Wapi! Novemba 1972 walimpa majimbo 49 kati ya 50.

CHUNGU: Na habari zilikuwa zimeshatoka?

SELOTEPU: Zimetoka, ukurasa wa mbele. Ikulu ikaziita uzushi, na watu wakaenda kupiga kura. Hadi Agosti 9, 1974 ndipo akajiuzulu, baada ya Seneti kumchunguza na Mahakama ya Juu kumwamuru atoe kanda za mazungumzo alizojirekodi mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

CHUNGU: Nawe unayejua yote, ulifanya nini?

SELOTEPU: Nilibandikwa. Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, jengo la Watergate, kwenye ulimi wa kitasa ili mlango usijifunge. Mlinzi wa zamu, Frank Wills, kijana wa miaka 24, akanibandua na kuendelea na lindo. Kurudi, anakuta selotepu nyingine imebandikwa palepale! Wezi waliotumwa na wakubwa hawakufikiri kwamba mlinzi ana macho. Akaita polisi, wakanaswa watano, ndani ya ofisi za chama cha Democratic.

CHUNGU: Kama mwandishi kapata jina na mimi nimepata filamu, huyo mlinzi bila shaka alitajirika.

SELOTEPU: Alikuwa akilipwa kama dola 80 kwa wiki. Kwenye hiyo filamu yako ya 1976 aliigiza nafasi yake mwenyewe. Baada ya hapo alihangaika kupata kazi ya kudumu, akafariki mwaka 2000, maskini.